Jinsi ya kugawa nafasi sawa kuzunguka duara bila cha mwisho kukuumbua

Swali ni lile lile kila siku, linabadilisha nguo tu. Huyu ana nguzo za kibanda cha mviringo, yule ana matundu ya bolti kwenye bamba la chuma, mwingine anapanda miche kuzunguka bustani, mwingine anataka kujua meza yake ya duara itakaa watu wangapi bila kubanana viwiko. Wote wamepima, wamegawa, wameanza vizuri kabisa, halafu wakifika cha mwisho nafasi imepungua au imezidi na hawaelewi imekuaje. Nimejibu sana kwa vipande vipande, sasa nayaweka yote hapa pamoja.

Na sikucheki, maana mimi mwenyewe nimejifunza kwa kuchimba. Kibanda cha duara, kipenyo mita 4, nguzo 8. Nikapiga hesabu: mzingo mita 12.57, gawa kwa 8, nafasi moja inakuja sentimita 157. Safi. Nikaweka kigingi cha kwanza, nikavuta tepu sm 157, kigingi, tena sm 157, kigingi, hivyo hivyo mpaka cha nane. Kutoka cha nane kurudi cha kwanza nikakuta sm 124. Nikapima tena nikidhani macho yameniangusha, sm 124 ile ile, na wakati huo mashimo matano yalishakuwa chini kwa sababu ya haraka, nilikuwa nachimba huku napima. Hesabu haikuwa na kosa hata moja. Kosa lilikuwa kwenye tepu, nitakuonyesha likifika hatua ya 6.

Kuwa na hivi kabla hujaanza

- Tepu ya kupimia. Kama ipo ile laini ya fundi cherehani chukua na hiyo, maana ya chuma inagoma kukunjika kwenye bomba dogo.
- Kamba isiyovutika. Nailoni nyembamba inavutika kama lastiki, ukiikaza leo unapata duara moja na ukiilegeza unapata lingine. Waya mwembamba ni bora zaidi.
- Kigingi au msumari wa senta, uliosimama imara.
- Chaki, penseli au maka, kutegemea unaandika juu ya nini.
- Karatasi ndefu nyembamba, kwa kazi za bomba, ndoo, pipa na kadhalika.
- Bikari kwa kazi ndogo za chuma na mbao.
- Kalkuleta. Ya simu inatosha ila uwe na ile yenye kitufe cha sin, kwenye simu nyingi ukiilaza ubavu inatokea.

Nadharia yenyewe ni fupi. Mzingo ni ule urefu wa kuzunguka duara zima, kipenyo ni upana wake ukipita senta, na mzingo = kipenyo × 3.1416. Imeisha. Ukiwa na mzingo ukataka kipenyo, unagawa badala ya kuzidisha.

Kuna wanaobishana kuhusu 22/7 na 3.14, ipi sahihi. Hakuna iliyo kamili. Archimedes, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alishaonyesha zaidi ya miaka 2,200 iliyopita kwamba 22/7 imezidi kidogo thamani halisi. Kwenye duara la kipenyo mita 10, kuzidi huko ni kama sm 1.3 kwa mzingo mzima, na ukitumia 3.14 unapungukiwa kama sm 1.6. Kwa bustani hiyo ni takataka, ukubwa wa kigingi wenyewe unaimeza. Kwa chuma tumia 3.1416 usijisumbue.

Hatua zenyewe

1. Amua unapima duara lipi

Hapa ndo watu wengi wanaanguka kabla hata hawajagusa kalkuleta. Kitu kimoja cha duara kina maduara mengi ndani yake: ukingo wa nje, ukingo wa ndani, na lile duara lisiloonekana linalopita katikati ya vitu unavyovipanga. Unalolitaka wewe ni hilo la mwisho.

Chukua bustani ya kipenyo mita 3. Unataka kupanda miche kuzunguka, kila mche uwe sm 15 ndani kutoka ukingoni, na nafasi kati ya miche iwe kama sm 40. Mtu wa haraka anachukua mita 3, anapata mzingo sm 942, anagawa kwa 40 anapata 23 na ushee, anaenda kutafuta miche 24. Lakini miche haikai ukingoni, inakaa sm 15 ndani, na hizo sm 15 zinatoka pande zote mbili za kipenyo, kwa hiyo kipenyo cha mstari wa miche ni mita 2.70. Mzingo wake ni sm 848. Gawa kwa 40 unapata 21. Miche mitatu imebaki mkononi na hujui uipeleke wapi.

Kuna njia ya kulikumbuka hili: kila ukisogea nje au ndani kwa kipimo fulani, mzingo unabadilika kwa mara 6.28 ya hicho kipimo. Haijalishi duara ni dogo kama sahani au kubwa kama uwanja. Sogea sm 15 ndani, umepoteza sm 94. Sogea mita moja nje, umeongeza mita 6.28. Wengi wakisikia hivyo wanakataa kwanza, wanahisi uwanja unatakiwa uongezeke zaidi ya sahani, mpaka wapige hesabu wenyewe.

2. Pata kipenyo cha kweli

Usikisie kwa kuweka tepu "kama katikati". Shika mwanzo wa tepu sehemu moja ya ukingo, upande wa pili uwe unaitembeza kulia na kushoto, namba kubwa kuliko zote utakayoisoma ndo kipenyo. Rudia kwa pande tatu tofauti. Zikitofautiana sana basi hilo siyo duara, ni yai, na inabidi ulirekebishe kwanza au upime mzingo wake moja kwa moja.

Kama katikati pamezibwa, kuna mti, nguzo au tenki, zungushia kamba kwa nje, pima kamba, gawa kwa 3.1416. Shina la mti likitoa mzingo wa sm 94 basi kipenyo chake ni kama sm 30. Gurudumu unaweza kuliwekea alama ya chaki, ukalisukuma chini mpaka alama irudi kugusa ardhi, umbali lililotembea ni mzingo wake.

3. Piga mzingo na uandike

Kipenyo × 3.1416, andika kwenye karatasi pamoja na kipimo chake. Nasema andika kwa sababu watu wanachanganya mita na sentimita njiani, na wengine wanazidisha nusu kipenyo wakidhani ni kipenyo. Kama una nusu kipenyo (ule urefu wa kamba kutoka senta) zidisha kwa 2 kwanza. Njia ya haraka ya kujikagua: mzingo lazima uwe mara tatu ya kipenyo na kidogo. Ukipata mara moja na nusu, au mara sita, rudi nyuma.

4. Hesabu nafasi, usihesabu vitu

Ukipanga nguzo 10 kwenye mstari ulionyooka, nafasi zilizo kati yao ni 9. Hilo watu wanalijua, wameshaumizwa nalo kwenye ua. Sasa wanakuja kwenye duara na tahadhari yao ile ile, wanatoa moja, na hapo ndo wanaharibu. Duara lililofunga halina wa kwanza wala wa mwisho, wa mwisho anapakana na wa kwanza, kwa hiyo nguzo 10 zina nafasi 10. Gawa kwa idadi ya vitu, usitoe kitu.

Ila duara likiwa na mdomo, mfano lina lango, au ni nusu duara tu, linarudi kuwa kama mstari. Zizi la kipenyo mita 5 lina mzingo wa mita 15.71. Lango ni mita 1.20. Toa, unabaki na mita 14.51 kutoka nguzo moja ya lango kuzunguka hadi ya pili. Unataka nguzo kila mita 1.5, gawa unapata 9.67, hazigawanyiki sawa, fanya nafasi 10, kila nafasi mita 1.45. Nguzo ni 11, zile mbili za lango zikiwemo.

5. Kadiria juu au chini kwa akili

Karibu kila mara jibu litakuja na nukta. Kalkuleta inasema 7.85 na mtu anaandika 8 kwa sababu ndivyo alivyofundishwa. Subiri. Jiulize kwanza nafasi yako ina kikomo cha juu au cha chini.

Meza ya kipenyo sm 150 ina mzingo wa sm 471. Ukimpa kila mtu sm 60 unapata 7.85. Hapa unashuka, watu 7, kwa sababu sm 60 ndo kidogo kabisa unachotaka kumpa mtu. Ukiweka 8 kila mmoja anapata kama sm 59, labda watavumilia, ila ujue umeamua hivyo mwenyewe.

Sasa geuza. Unazungushia mbao za upana sm 9 kwenye duara la kipenyo mita 2.5, na hutaki mwanya kati ya mbao uzidi sm 10, labda kuna vifaranga watatoka. Mzingo ni sm 785. Mbao pamoja na mwanya wake ni sm 19. 785 ÷ 19 ni 41.3. Ukishuka ukaweka 41, mwanya utakuwa umevuka sm 10. Hapa unapanda, mbao 42. Halafu unarudi kupata mwanya halisi: 785 ÷ 42 ni sm 18.7, toa upana wa ubao sm 9, unabaki na mwanya wa sm 9.7.

Hiyo ya kurudi kugawa upya ndo wanayoisahau. Ukishapata namba kamili ya vitu, ile nafasi uliyoanza nayo kichwani (40, 60, 19) imeshakufa, itupe. Nafasi yako mpya ni mzingo ÷ idadi. Miche yetu 21 haitakaa kwa sm 40, itakaa kwa sm 40.4. Ukiendelea na 40 utafika mwisho na pengo la karibu sm 48.

Na kama kazi inakuruhusu, chagua namba inayogawanyika kwa 4. Mimi kwenye ile bustani ningeweka miche 20, kila sm 42.4, sababu utaiona hatua ya 7.

6. Tepu yako inazunguka au inakata?

Haya, tumefika kwenye mashimo yangu.

Namba unayoipata kwa kugawa mzingo ni umbali wa kuzunguka, yaani ukiufuata mviringo kama sisimizi anayetembea ukingoni. Lakini tepu ya chuma ukiivuta kati ya vigingi viwili hewani haifuati mviringo, inakata moja kwa moja. Njia ya mkato siku zote ni fupi kuliko ya kuzunguka. Kwa hiyo ukivuta sm 157 zilizonyooka, kigingi kinaenda kukaa mbele ya pale kinapotakiwa, na cha pili kinaenda mbele zaidi, na cha tatu, mpaka wa mwisho analipa deni la wote. Ndo zile sm 124.

Kwa hiyo kuna kanuni mbili. Kama tepu, kamba au karatasi imelala juu ya mviringo wenyewe, mfano umeizungushia bomba au pipa, tumia mzingo ÷ idadi. Kama unapima kwa tepu iliyonyooka au kwa bikari, tumia mkato. Mkato = kipenyo × sin ya (180 ÷ idadi). Kama sin inakutisha, nimeshakutolea, zidisha kipenyo kwa namba iliyo mbele ya idadi yako:

- Vitu 3: 0.8660
- Vitu 4: 0.7071
- Vitu 5: 0.5878
- Vitu 6: 0.5000
- Vitu 7: 0.4339
- Vitu 8: 0.3827
- Vitu 9: 0.3420
- Vitu 10: 0.3090
- Vitu 12: 0.2588
- Vitu 16: 0.1951
- Vitu 20: 0.1564
- Vitu 24: 0.1305

Kibanda changu: sm 400 × 0.3827 = sm 153. Sentimita nne tu chini ya ile niliyotumia, na hizo nne ndo zilizonichimbisha mara mbili.

Matundu matano ya bolti kwenye duara la kipenyo mm 180: 180 × 0.5878 = mm 105.8, fungua bikari hapo hapo utembee nayo. Ukitumia mzingo ÷ 5 utapata mm 113, na kwenye chuma mm 7 maana yake bolti haiingii na bamba limeshaharibika.

Vitu vikiwa vingi tofauti inapungua. Nguzo 24 kwenye duara langu lile la mita 4, njia mbili zinatofautiana milimita moja na nusu kwa kila nafasi, mtu anaweza kuidharau. Ila zidisha kwa 24, ni sm 3.6 mwishoni. Kwa miche sawa, kwa nguzo za chuma utaiona kwa macho.

Angalia pale kwenye vitu 6: mkato ni nusu ya kipenyo kamili, yaani ni ile ile kamba uliyochorea duara. Kwa hiyo ukitaka vitu 6 huhitaji hesabu yoyote, chora duara, usibadilishe bikari wala kamba, tembea nayo ukingoni mara sita utarudi ulipoanzia. Ukitaka 12, kila nafasi ikate katikati.

7. Weka robo kwanza

Usianze na kigingi cha 1, cha 2, cha 3 ukaenda hivyo mpaka mwisho. Kosa la milimita moja kila hatua, hatua 20, ni sm 2 zote zimelundikana sehemu moja. Gawa duara robo nne kwanza, halafu ujaze ndani ya kila robo. Kosa likitokea linafungiwa kwenye robo yake.

Kupata robo: piga mstari mmoja wa kipenyo kupita senta, weka alama A na B pale unapogusa ukingo. Halafu tafuta sehemu ya ukingoni ambayo umbali wake kutoka A ni sawa na umbali wake kutoka B. Ukague kwa namba ya vitu 4 hapo juu, duara la mita 4 robo kwa mkato ni sm 283. Ukiipata pande zote nne, umepiga msalaba mzuri. Ndo maana nasema namba zinazogawanyika kwa 4 ni rafiki, miche 20 ni mitano kila robo, kichwa hakiumi.

Namba za shari ni 5, 7, 11 na wenzao, robo hazisaidii. Hapo anza na kigingi kimoja, halafu nenda kulia nusu ya safari na kushoto nusu ya safari, wakutane upande wa pili. Kosa likiwepo litakaa nyuma badala ya karibu na mlango.

8. Soma namba za kujumlisha, usiruke ruke

Hii ni kwa bomba, pipa, ndoo, chochote unachoweza kukizungushia karatasi. Na kwa maoni yangu ndo njia tamu kuliko zote maana huhitaji senta.

Zungushia karatasi iliyokazwa vizuri, pale inapopandana kata kwa kisu mara moja kupitia tabaka zote mbili. Tandaza mezani, urefu wake ndo mzingo, umeupata bila hata kujua kipenyo. Ukitaka sehemu 2, 4 au 8 kunja tu karatasi katikati, katikati tena, mikunjo ni alama zako. Irudishe kwenye bomba, ibandike, piga alama.

Kwa sehemu 7 kukunja hakusaidii. Tuseme karatasi ni mm 188.5 (bomba la kipenyo cha nje mm 60). Gawa kwa 7 ni 26.93. Usiweke rula mm 27, ukaisogeza, mm 27, ukaisogeza. Iache rula palepale mwanzo kwenye sifuri na usome: 26.9, 53.9, 80.8, 107.7, 134.6, 161.6, na 188.5 ni mwisho wa karatasi. Kila alama ina kosa lake dogo peke yake, halimrithi mwenzake.

Usiizungushie bomba karatasi ikiwa imepinda kama bendeji. Kingo zake zilingane pale zinapokutana, la sivyo mzingo unaopata ni mrefu kuliko wa kweli na mstari wa matundu utapanda kama ngazi.

9. Zunguka mara moja kwa majaribio

Kabla ya jembe, kabla ya drili, weka alama zote za chaki au vijiti, kisha pima nafasi ya mwisho mpaka ya kwanza. Ikilingana na nyingine, endelea. Ni kazi ya dakika kumi. Mimi ningekuwa nimeifanya, mashimo matano yale yangebaki udongo.

Mfano mmoja mzima wa haraka

Mti wa sm 94 kuzunguka shina. Unataka mawe ya upana sm 20 yakae duara, senta ya kila jiwe iwe sm 50 kutoka kwenye gome. Tumia ule ujanja wa hatua ya 1: sm 50 × 6.28 ni 314, jumlisha na 94 unapata mzingo wa sm 408. Mawe yakigusana, 408 ÷ 20 ni 20.4, mawe 20. Hapa mawe ni mapana na duara ni dogo, kwa hiyo kona za ndani zitagusana kabla za nje hazijagusana, acha nafasi ya kupumua, weka 19. Nafasi mpya 408 ÷ 19, sm 21.5 kutoka senta ya jiwe hadi senta ya jiwe. Huwezi kuchora kwa kamba ya senta maana mti umekaa hapo, kwa hiyo pima sm 50 kutoka kwenye gome sehemu nane hivi, unganisha kwa kamba au bomba la maji lililolala chini, na sababu kamba imelala kwenye mviringo unatumia 21.5 bila mambo ya mkato.

Ukikwama

*Nafasi ya mwisho ni ndogo kuliko nyingine.* Hatua zako ni ndefu. Mara nyingi umetumia namba ya mzingo kwa tepu iliyonyooka. Ukishaondoa hilo na bado, basi duara ulilolichora ni dogo kuliko ulilolipigia hesabu, kapime kipenyo upya.

*Nafasi ya mwisho ni kubwa.* Kinyume chake: hatua fupi, au uliendelea kutumia nafasi ya mwanzo kabla ya kugawa upya kwenye hatua ya 5. Au umesahau kitu kimoja, hesabu vigingi kwanza kabla hujalaumu hesabu.

*Natumia bikari na imebaki tofauti kidogo.* Usianze upya. Chukua ile tofauti kati ya nafasi ya mwisho na nyingine, igawe kwa idadi ya vitu, fungua au funga bikari kwa kiasi hicho. Matundu 5, nafasi ya mwisho imezidi mm 10, fungua bikari mm 2. Zunguka tena, safari hii itakuwa karibu kabisa.

*Kalkuleta inanipa sin ya ajabu, hata hasi.* Imewekwa kwenye radiani (kipimo kingine cha pembe) badala ya digrii. Andika sin 30. Ikija 0.5 iko sawa. Ikija -0.988 kabadilishe ule mpangilio kwanza.

*Duara langu la kamba limekuwa kama yai.* Kigingi cha senta kinayumba, au kamba inajiviringisha kwenye kigingi unavyozunguka na kufupika. Funga kitanzi kilegevu kinachozunguka chenyewe, na ushikilie kijiti cha kuchorea wima muda wote.

*Nina bamba la duara halina senta.* Chukua karatasi yenye kona nzuri ya mraba. Weka ncha ya kona iguse ukingo wa bamba, pande mbili za karatasi zitakata ukingo sehemu mbili, weka alama hapo na uziunganishe, huo mstari ni kipenyo. Zungusha karatasi, rudia sehemu nyingine. Pale mistari miwili inapokatana ndo senta. Piga na wa tatu, usipopita pale pale basi kona ya karatasi yako siyo mraba au ukingo wa bamba umebonyea.

*Vitu vyangu havina upana sawa.* Basi usigawe kwa senta. Jumlisha upana wa vyote, toa kwenye mzingo, kinachobaki gawa kwa idadi, hiyo ndo nafasi ya wazi kati ya kimoja na kingine. Unapanga: kitu, nafasi, kitu, nafasi, ukipima kwa kamba iliyolala kwenye mviringo.

*Siyo duara, ni mviringo mrefu.* Hiyo 3.1416 haikusaidii hapo. Laza kamba kwenye mstari wenyewe, pima urefu wa kamba, gawa kwa idadi ya vitu, weka alama kwenye kamba kabla ya kuirudisha chini.